Tumbo Lililopasuliwa Zamani: Tusifiche, Tusingoje Kukuche



Somo la mara hii huenda likawashangaza. Tunataka kuongea juu ya upasuaji wa kupunguza unene, na taabu za utumbo ambazo zinaweza kumpata mtu miaka mingi baada ya upasuaji huo. Tunajua wengine watauliza: "Sisi tunatafuta maji na soko la maharagwe. Mambo ya kupasuliwa ili mtu akonde yanatuhusu nini?" Ni swali zuri. Lakini kwanza tusikilize hadithi moja, halafu kila kikundi kiamue chenyewe kama yanatuhusu au la.

Kiongozi wa mkutano asome hadithi kwa sauti, polepole. Wanaojua kuigiza wanaweza kuiigiza. Mwenye hadithi ametupa ruhusa tuieleze bila kutaja jina lake wala mahali anapokaa.

HADITHI

Dada mmoja alifanya kazi Uingereza miaka mingi, akitunza wazee. Huko alinenepa sana, akapata ugonjwa wa sukari, na magoti yakaanza kumsumbua. Madaktari wakamshauri apasuliwe ili apunguze uzito. Alipasuliwa kwa vitundu vidogo, akapona vizuri. Uzito ulishuka, sukari ikatulia, akaweza tena kupanda ngazi bila kushika ukuta.

Baada ya miaka kadhaa alirudi nyumbani, akaingia katika kikundi cha akina mama. Wale waliomwona akiondoka akiwa mnene walianza kunong'ona. Mnajua jinsi tulivyo. Mtu akikonda, tayari tumeshampa ugonjwa. Yeye aliyasikia hayo, lakini akaona afadhali wamfikirie hivyo kuliko aseme ati alipasuliwa ili akonde. Hata mume wake alijua tu kwamba "alifanyiwa operesheni ya tumbo."

Mwaka wa sita tangu upasuaji, maumivu yalianza. Yalikuja baada ya kula, juu ya tumbo upande wa kushoto, yakichoma mpaka mgongoni. Yalikaa saa moja au mbili, kisha yakaisha. Alienda kwa kemisti akanunua dawa za vidonda vya tumbo. Zikionekana kusaidia, anashukuru. Yakirudi, ananunua tena. Hivyo hivyo kwa miezi minne.

Siku moja walikuwa na sherehe ya mahari ya jirani. Alikula kama wengine. Usiku, kitu kama saa tano, maumivu yakamshika na hayakuachilia. Alijikunja sakafuni. Wifi yake akamtengenezea maji ya chumvi ili atapike. Mwingine akaleta dawa ya mitishamba ya kuharisha. Wakasema: "Tungoje kukuche, usiku hakuna gari."

Asubuhi walimpeleka mahali pa kwanza. Tumbo liligongwa-gongwa, likaonekana laini. Picha ikapigwa, haikuonyesha kitu. Akaulizwa kama amewahi kupasuliwa, akasema "zamani kidogo," basi. Akapewa sindano ya maumivu na dawa za vidonda, akarudishwa nyumbani.

Jioni alikuwa hawezi hata kusimama. Mahali pa pili, muuguzi kijana alipokuwa akimbadilisha nguo aliona makovu madogo matano tumboni, kila moja kama ukucha wa kidole. Akainama, akamuuliza kwa sauti ya chini: "Mama, haya ni ya nini?" Hapo ndipo yule dada alilia, akasema yote.

Muuguzi alikimbia kumwita daktari. Usiku ule ule akaingizwa chumba cha upasuaji. Utumbo ulikuwa umeponyoka kupitia mwanya wa ndani, ukajisokota, na kipande kizima kilikuwa kimeshakufa. Kilikatwa. Dada huyo yuko hai leo, lakini daktari alimwambia mume wake maneno haya: "Mngengoja kukuche tena, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

MASWALI YA KWANZA (tumieni kama nusu saa)

1. Tumeona nini katika hadithi hii?
2. Ni mara ngapi huyu dada angeweza kusaidiwa mapema? Hesabuni pamoja.
3. Ni nani walimzuia asiseme? Je, sisi tungekuwa pale, tungekuwa miongoni mwao?

TUELEWE KILICHOTOKEA

Sisi tunaoandika si madaktari. Lakini tumejifunza kutoka kwa walio madaktari, na mambo yenyewe si magumu yakielezwa kwa lugha yetu.

Upasuaji aliofanyiwa huyu dada huitwa baipasi ya tumbo. Ulianzishwa mwaka wa 1966 na madaktari Edward Mason na Chikashi Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukifanywa kwa vitundu vidogo badala ya kupasua tumbo lote. Daktari hugawa mfuko wa chakula, akaacha kijifuko kidogo kinachoshika vijiko viwili vikubwa hivi. Kisha hukata utumbo mwembamba, akavuta ncha ya chini juu na kuishona kwenye kile kijifuko. Ile ncha nyingine, inayoleta nyongo, huishona chini zaidi. Kwa hiyo chakula hupita njia mpya. Mtu hushiba upesi, na uzito unashuka.

Kuna upasuaji wa pili, ambao ndio unaofanywa zaidi duniani siku hizi. Huo hukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, ukabaki mwembamba kama ndizi, lakini njia ya utumbo haibadilishwi. Taabu tunazoeleza leo ni hasa za ule wa kwanza. Ndiyo maana ni lazima mtu ajue alifanyiwa upasuaji gani. Kusema "nilipasuliwa tumbo" hakutoshi.

Hatusemi upasuaji huu ni mbaya. Umewasaidia wengi wenye sukari na presha. Tunasema hivi: kidonda cha nje kikipona, njia ya ndani inabaki imebadilika mpaka mwisho wa maisha.

Sasa tuangalie taabu zenyewe.

Ya kwanza: ngiri ya ndani. Kila mtu hapa amewahi kuona mbuzi akichinjwa. Ukitoa matumbo utaona utando wenye mafuta unaoyashika yasitawanyike, na ndani yake mishipa ya damu. Nasi tuna utando kama huo. Daktari anapovuta utumbo kwenda njia mpya, nyanya zinabaki kati ya utando na utando, kama mianya ya ua. Mwanya mmoja unaitwa kwa jina la Walther Petersen, daktari Mjerumani aliyeeleza ngiri ya namna hiyo mwaka wa 1900, kabla hata baipasi haijawazwa.

Mtu akiwa bado mnene, mafuta hujaza mianya hiyo. Akikonda, mafuta ya ndani nayo yanayeyuka, na mianya inapanuka, kama ua wa miti mibichi unavyoachana ukikauka. Siku moja utumbo unapenya, kama mbuzi anayeingiza kichwa uani. Mara nyingi unarudi wenyewe, na maumivu yanaisha. Lakini siku nyingine unakwama na kujisokota. Damu haipiti. Utumbo usiopata damu hufa katika muda wa saa chache tu. Ndiyo sababu maumivu ya yule dada yalikuja na kuondoka miezi minne, kisha yakakataa kuondoka.

Huko Sweden, madaktari walifuatilia watu 2,507 waliofanyiwa baipasi, wakatoa matokeo mwaka wa 2016. Kwa wale ambao mianya yao iliachwa wazi, kama watu 10 katika kila 100 walipasuliwa tena katika miaka 3 kwa sababu utumbo mwembamba uliziba. Kwa wale ambao mianya yao ilishonwa, walikuwa kati ya 5 na 6. Tazameni mambo mawili hapo. Kushona mianya kunasaidia, ingawa nako kunaweza kuleta taabu siku za mwanzo utumbo ukikunjika. Na hata ikishonwa, hatari haiishi kabisa.

Ya pili: utumbo kujimeza. Hii ni nadra sana, haifiki hata mtu mmoja katika 100. Chukueni sweta. Vueni mkono wake vibaya, mwone jinsi kipande kimoja kinavyoingia ndani ya kingine. Utumbo nao unaweza kufanya hivyo, mara nyingi karibu na pale paliposhonwa chini. Huwapata zaidi wanawake waliopungua uzito mwingi, na huweza kuja miaka mingi baadaye, mtu ameshasahau kabisa. Tunashauri kikundi kionyeshe jambo hili kwa sweta halisi. Mtu akiliona kwa macho halisahau.

Ya tatu: makovu ya ndani yanayonata. Hii haihusu wanene peke yao. Mtu yeyote aliyewahi kupasuliwa tumbo, hata mama aliyezalishwa kwa operesheni, hata kijana aliyetolewa kidole tumbo, anaweza kupata nyuzi za kovu zinazoshikanisha utumbo. Siku moja uzi huo unaubana utumbo, kama mpira wa maji unapokunjika na maji yakakatika. Hapo ndipo somo linapoingia nyumba nyingi za kijiji chetu. Ni akina mama wangapi hapa wamezaa kwa operesheni?

Ya nne: kidonda pale paliposhonwa juu. Hiki mara nyingi huletwa na sigara, na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Dawa hizi tunazinunua kwa kemisti kama tunavyonunua chumvi. Mtu aliyefanyiwa baipasi asizimeze bila daktari wake kukubali. Kidonda hicho kinaweza kutoa damu, au kutoboka kabisa.

KWA NINI MADAKTARI WENGINE HUPITWA

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Taabu hizi ni ngumu kugundua. Utumbo ukirudi mahali pake, picha inaonyesha hakuna kitu. Damu ikipimwa, majibu yanaweza kuwa mazuri. Tumbo likiguswa linaweza kuwa laini, wakati mgonjwa anapiga kelele. Kutapika huenda kusiwepo, na matapishi ya kijani ya nyongo huenda yasionekane, kwa sababu njia ya nyongo haipiti tena karibu na mdomo. Hata CT skani, ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani, mara nyingine hukosa. Wakati mwingine njia ya kujua kwa hakika ni daktari mpasuaji kuangalia ndani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kinachomsaidia daktari ni maneno ya mgonjwa mwenyewe. Kama daktari hajui kwamba njia ya ndani ilibadilishwa, atafuta vidonda, atafuta malaria, atafuta taifodi, na saa zinakwenda. Wazee walisema: mficha maradhi kilio humfichua.

DALILI ZA KUKIMBIZA MTU HOSPITALI

Mtu aliyewahi kupasuliwa tumbo, hata kama ni miaka 10 au 20 iliyopita, akiona moja ya haya asikae nyumbani:

– Maumivu makali ya ghafla ya tumbo, hasa baada ya kula, ambayo hayapungui.
– Maumivu ya mkazo yanayokuja na kuondoka, na kila yakirudi ni makali zaidi.
– Kutapika kusikokoma, au kushindwa hata kumeza maji.
– Tumbo kuvimba, na kukosa kujamba wala kwenda choo.
– Choo cheusi kama lami, au kutapika damu.
– Jasho baridi, moyo kwenda mbio, kuzimia.

Maumivu yale yanayokuja baada ya kula kisha yakaisha yenyewe nayo si ya kupuuza. Hayo ndiyo onyo. Mtu aende mchana, akiwa bado ana nguvu za kueleza, aombe kuonwa na daktari mpasuaji.

Mama mjamzito aliyefanyiwa baipasi aangaliwe zaidi. Mimba ikikua inasukuma utumbo juu, na utumbo unaweza kupenya mwanya. Watu watasema ni kiungulia au uchungu wa kuzaa. Mkunga aambiwe mapema, siku ya kwanza ya kliniki.

TUSIFANYE HAYA

1. Tusimpe chakula wala dawa ya kuharisha, na tusimpige bomba. Utumbo ulioziba ukilazimishwa unaweza kupasuka.
2. Tusimpe chumvi ili atapike.
3. Tusimchue tumbo.
4. Tusimnunulie diklofenaki.
5. Tusingoje kukuche.

MGONJWA AU ANAYEMSINDIKIZA ASEME NINI

Atumie maneno wazi. Kwa mfano: "Mgonjwa huyu alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito mwaka fulani, nchi fulani. Ni ile ya kubadilisha njia ya utumbo. Ana maumivu tangu saa fulani. Tunaogopa ngiri ya ndani. Tunaomba daktari mpasuaji amwone." Akiambiwa ni vidonda tu, aulize kwa heshima: "Je, daktari mpasuaji ameshamwona?" Kuuliza si kukosa adabu. Kama hospitali haina mpasuaji au chumba cha upasuaji, aombe barua na gari ya kupelekwa kwingine mara moja.

Kuna jambo moja zaidi. Mtu aliyetapika siku nyingi baada ya upasuaji huu anaweza kuwa amekosa vitamini B1. Akiwekewa maji ya sukari kwenye mshipa kabla ya kupewa B1, ubongo wake unaweza kuumia. Mkumbusheni mhudumu. Na hata akiwa mzima, mtu wa baipasi hutumia vitamini na madini maisha yake yote: B12, chuma, chokaa ya mifupa, vitamini D. Hizo dawa zake zikiisha asione ni kitu kidogo.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Tumeona vikundi vikinunua matangi, ng'ombe na viti vya kukodisha. Kuokoa mtu usiku mmoja hakuhitaji mali nyingi hivyo. Kunahitaji kupanga kabla.

Kwanza, kadi. Kila mwanakikundi aliyewahi kupasuliwa tumbo aandike kadi ndogo: upasuaji gani, mwaka gani, hospitali gani, dawa anazotumia, dawa anazokatazwa. Aiweke pamoja na kitambulisho. Kama alipasuliwa nje ya nchi, awaombe huko wamtumie karatasi zake. Wenye ndugu Marekani, Uingereza, Ghuba, au waliokwenda India na Uturuki kutibiwa, waambieni hivyo kabla hawajarudi.

Pili, mtu mmoja wa kuaminiwa. Si lazima kikundi chote kijue siri ya mtu. Lakini angalau mtu mmoja nyumbani na mmoja jirani wajue ukweli wote, waweze kusema wakati mwenyewe hawezi. Atakayekabidhiwa siri hiyo na kuitoa sokoni, kikundi kimwajibishe.

Tatu, gari. Kubalianeni na mwenye gari mmoja, na wa pili kama huyo hayupo. Nambari zao ziandikwe nyuma ya mlango. Bodaboda inafaa kumwita dereva, lakini mgonjwa wa tumbo asipakiwe huko kama kuna njia nyingine.

Nne, pesa. Mfuko wa dharura utengwe kando na mzunguko, nao utoke bila kikao. Wawili wakiweka sahihi inatosha. Na kila mtu ahakikishe malipo yake ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hayajalala.

Tano, midomo yetu. Hili ni la bure, na ni gumu kuliko yote. Yule dada hakunyamaza kwa sababu ni mjinga. Alinyamaza kwa sababu alitujua. Mtu akikonda, tumuulize hali, tusimpangie ugonjwa. Mtu akisema alipasuliwa ili apunguze uzito, tusicheke. Kicheko chetu kinaweza kumfikisha mtu kaburini.

MASWALI YA MWISHO

1. Katika kikundi chetu, ni wangapi wamewahi kupasuliwa tumbo kwa sababu yoyote? (Anayetaka ainue mkono. Asiyetaka asilazimishwe.)
2. Kutoka hapa mpaka kwenye hospitali yenye mpasuaji ni saa ngapi usiku, wakati wa mvua?
3. Nani ana gari? Nani atamwamsha?
4. Ni mazungumzo gani sokoni na kisimani tunakubaliana kuyaacha kuanzia leo?

Andikeni majibu ya swali la pili na la tatu kwenye daftari la kikundi kabla ya kufunga mkutano. Msiyaahirishe mpaka mkutano ujao.

Yule dada sasa ndiye anayeandika kadi za wenzake, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri. Ya kwake ameiweka mbele kabisa katika kibeti chake, pale ambapo mtu yeyote akifungua ataiona.